Mzee Jao Ameondoka na Makomeo

Zaina wangu,

Salaam za mama, ingawa bado hujaenda popote na taulo lako linadondosha maji pale kambani. Nakuandikia mchana wa sikukuu ya taifa, mlango ukiwa wazi, kwa sababu Mzee Jao ameondoka na makomeo yangu. Ulikuwepo, ulimwona, ukacheka mpaka ukakaa kizingitini. Mimi sikucheka. Nimekiweka kiti cha mikono katikati ya mlango, nimekaa, na nitakaa hapa mpaka mrudi, maana nyumba isiyo na komeo lazima iwe na mtu.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo humu kijijini Marodoka tunaoiandika ni sisi watatu tu, babu yako, mimi na wewe. Sokoni ni Kimalagasi, kwa bibi zako ni Kingazija, shuleni kwako ni Kifaransa. Babu yako aliingia nchi hii na lugha yake kutoka Kilwa, akiwa na bunduki ya Waingereza. Bunduki aliiacha, lugha akabaki nayo. Huko kambini hakuna atakayeweza kuisoma barua hii akakucheka. Na kwa kuwa barua hukaa, na huenda siku moja ukawasomea wanao, nitaeleza hata yale unayoyajua. Usiseme mama amezeeka, anarudia.

Sitaandika habari za kula, kuvaa, kuswali wala wavulana. Hayo umeyasikia tangu Ramadhani, mpaka ukawa unanimalizia sentensi. Kuna neno moja tu ambalo sijakupa. Meli inaondoka kesho alfajiri kwenda Mahajanga. Umeandikishwa huduma ya taifa, mafunzo ya kijeshi kwanza, halafu zahanati ya kambi. Begi umeshalifunga. Lakini ulinishika miguu ukaniambia kwamba bila radhi yangu hupandi, hata waje kukuchukua kwa nguvu. Tangu siku ile, kila ukilileta neno hilo, mimi huwa nina mchele wa kuchambua.

Unajua kinachonitesa? Sihitaji hata kukukataza. Nikinyamaza tu mpaka kesho asubuhi, utabaki. Utavua viatu, utaniwekea chai, na hutanilaumu kwa mdomo. Na mimi nitakuwa na wewe humu ndani, na makomeo nitanunua mengine.

Kama wangekupeleka Antsiranana, au hata milimani kwenye baridi, labda ningekwisha kulisema. Lakini wamekupangia Mahajanga, tena kambi ile ile.

Wewe unaikumbuka kambi kwa vipande, na vipande vyako vyote vina jua. Vyangu havina. Tulikuwa tunakaa Antanimasaja, mtaa wa Mahajanga. Baba yako alikuwa fundi cherehani, mimi nikioka mkate wa sinia na kuuza mlangoni. Na mlango wetu wa siku zile, Zaina, ulikuwa pazia. Pazia la maua mekundu, basi. Mtu aliingia akachukua mkate, akaacha hela kwenye bakuli, mimi nikiwa uani nafua. Ukinitazama leo huwezi kuamini kwamba ni mwanamke yule yule.

Halafu watu wakageuka. Mpaka leo sijui nani alianza nini, na kila ninayemwuliza ana hadithi yake. Ninachojua ni kwamba ghafla kuwa Mngazija, au kuwa na mama Mngazija kama mimi, ikawa sababu ya kuchomewa nyumba. Jirani yetu, mama mmoja Msakalava, mwenyeji wa pale, ndiye aliyetufunika kwa nguo zake akatupitisha uchochoroni, babu yako, baba yako, mimi, na wewe mgongoni. Nilipogeuka nyuma nililiona pazia langu likishika moto. Ukipata nafasi ya kutoka, mwulizie mama huyo mtaani. Kama yu hai, mbusu mikono, kwa sababu mimi sikurudi kumshukuru.

Jeshi likatufungulia kambi. Tukajaa maghalani na uwanjani, watu juu ya watu, choo kikanuka, watoto wakaharisha. Nje walikuwa waliotaka kutuua, ndani sisi, na katikati vijana wenye bunduki ambao sikujua wako upande gani. Ukitazama ukuta, nao unakutazama, ukitazama geti, nalo linakutazama. Usiku sikulala na mchana sikuamka, kama unaelewa ninavyosema.

Getini alikuwapo kijana wa huduma ya taifa, kama utakavyokuwa wewe. Aliitwa Solo, mtoto wa milimani, buti zikimpwaya. Kila jioni alipokuwa akifunga geti alisema, "Azafady," yaani niwieni radhi, na hakusema ovyo hewani, alisema akimtazama mtu. "Azafady, baba. Azafady, mama." Halafu mnyororo ukalia. Wengine walimjibu. Mimi, kamwe. Nilimchukia kuliko hata wale wa nje, kwa sababu wale sikuwaona, na huyu nilimwona kila siku akigeuza ufunguo. Siku moja alikuletea kipande cha muwa. Nilikupokonya nikakitupa matopeni, ukalia mpaka ukapitiwa na usingizi. Nilikosea. Kijana yule naye alikuwa amefungwa pale, hakuwa na pa kwenda kama sisi, ila yeye alilazimika kusimama.

Babu yako aliliona hilo kabla yangu. Asubuhi moja alikwenda akasimama mbele ya Solo. Tukadhani anatafuta ugomvi, na mimi nikaanza kumwita arudi. Akaunganisha visigino, akanyoosha mgongo ambao sikuwahi kuuona umenyooka, akapiga saluti. Solo akageuka nyuma kutazama kama kuna ofisa. Hakukuwa na mtu. Ndipo akajiweka sawa, akairudisha saluti, buti zake kubwa zimezama matopeni. Wewe ulikuwa umeshika kanzu ya babu yako. Kutoka siku hiyo ukawa unawapigia saluti hata kuku.

Nilimwuliza babu yako ile ilikuwa nini. Akasema, "Mtoto yule anaogopa na hakimbii. Mimi nilikimbia."

Ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akilitaja. Nilijua alikuja na jeshi la Waingereza wakati wa vita vikuu, kuitoa Madagaska mikononi mwa Wafaransa waliokuwa upande wa Wajerumani. Nilijua walipigana na askari wa Kimalagasi kwenye daraja la mto Betsiboka, na kwamba huko ndiko nusu ya sikio lake ilikobaki. Nilijua alilazwa Mahajanga, akapelekewa uji na binti wa Kingazija ambaye ndiye mama yangu. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kikosi chake kilipopanda meli kwenda kupigana kwingine, yeye hakupanda. Alijificha ghalani kwa wajomba wa mama, chini ya magunia ya mpunga. Wakamwita jina, hakuitika.

Basi mtu yule akaishi maisha yake yote akisubiri kukamatwa. Waingereza walikwishaondoka Kilwa na bendera yao, nchi ikawa na serikali yake, lakini yeye kila akiona mtu ameshika kalamu anaandika majina, alirudi chini ya magunia. Hakumzika mama yake. Hakuandika hata kadi. Ndiyo maana meli zilipokuja Mahajanga kuwachukua watu kwenda Komoro, na baba yako akasema twende, babu yako aligoma. Gatini walikuwa wanaandika majina.

Nikasimama katikati, mume upande wa meli, baba upande wa ukuta, na nikabaki na baba. Hilo sikukuficha, unalijua, tena umenitetea kwa shangazi zako. Lakini hujui vizuri kilichonibakisha. Watu husema nilibaki kwa huruma ya mzee. Nusu ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimejiapia sitapita tena geti lolote, la kuingia wala la kutoka. Baba yako aliandika tumfuate, nami nikajibu mwakani. Kila mwaka nilijibu mwakani, mpaka akaoa. Simlaumu, kungoja nako kuna mwisho wake.

Tukaja huku kisiwani Nosy Be, kwenye nyumba ya ukoo wa mama, na kitu cha kwanza nilichonunua, kabla ya sufuria, ni makomeo. La juu, la kati na la chini, kutoka duka la Mhindi pale mjini Hell-Ville. Alfajiri naenda kuchuma langilangi, nauza maua kiwanda cha manukato, jua likianza kuwaka nimesharudi na nimejifungia. Wenzako walipokwenda kisiwa cha Sakatia kuogelea nilisema una homa. Hukuwa na homa. Ulikaa dirishani na kitabu ulichokishika juu chini, ukijua kabisa kwamba najua.

Sasa Mzee Jao. Mtu huyu alikutana na babu yako kwenye foleni ya hospitali, wewe ukiwa mapajani kwa babu. Jao alikuwa amevaa medali zake apate kupitishwa mbele, na hakuna aliyempitisha. Akalitazama sikio la babu yako. Akauliza lilikwenda wapi. Babu yako akasema, "Betsiboka, darajani." Jao akasema, "Nilikuwa ng'ambo ya pili." Unavyosimulia wewe, nesi aliita namba zao na hakuna aliyeinuka. Halafu babu yako akamwambia kwamba kwao, watu waliowahi kupigana zamani huwa watani. Jao akasema kwao wapo pia, huwaita ziva, na mtani hakasirikiwi, hanyimwi, na akichukua kitu nyumbani kwako hukiombi. Wakapeana mikono. Maadui wawili waliokosana shabaha wakawa ndugu.

Kuna mtu mmoja tu hakuambiwa, naye ni mimi. Wiki ile ile, mchana kama huu, nasikia mlango unapigwa kwa fimbo na mwanamume anapaza sauti, "Toka nje, we mtumwa wa Waingereza! Nimekuja kumaliza kazi yangu! Leo nachukua sikio la pili!" Zaina, nilidhani Mahajanga imetufuata. Nilisukuma kabati mlangoni, nikakutia uvunguni, nikachukua panga la langilangi. Babu yako anacheka. Nikadhani hofu imemtoa akili. Na wewe, huko uvunguni, unanivuta pindo la nguo, "Mama, ni mtani wa Bakoko, mfungulie, amekuja kula." Ndivyo ulivyomwita babu yako, Bakoko, kwa Kingazija. Nilimfungulia. Jao alikula wali wangu wote, akasema chumvi imezidi.

Nilicheka baadaye, lakini makomeo sikuyatoa. Kosa langu ndilo hilo, na nataka ulione vizuri kabla hujaondoka. Kwamba nilipogundua aliyekuwa mlangoni ni rafiki, sikujifunza kufungua mlango. Nilijifunza tu kwamba Jao hubisha kwa fimbo.

Miaka yote hii, siku ya taifa ikifika, Jao huvaa kofia yake nyekundu akaenda Hell-Ville kuandamana na askari wazee. Zamani walijaza mabenchi kadhaa. Mwaka jana benchi moja liliwatosha. Babu yako siku hiyo hufunga dirisha la chumba chake na kusema kichwa kinamuuma. Nani amwite? Kwa Wamalagasi alikuja kama adui, kwa Waingereza ni mtoro, kwao Kilwa alikwisha kufa. Mimi nilimpelekea chai gizani, na nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba kuna mwingine nyumbani anayejifungia.

Wewe hukufurahi. Juzi ulikwenda mwenyewe kwa yule sajini kijana aliyekuandikisha, ukamwambia yote, hata magunia. Mimi ningekufa kabla ya kuyasema mbele ya sare. Ukarudi mbio, kiatu kimoja mkononi, ukatuambia alivyojibu: "Mzee aliyepigana hapa na akachagua kufia hapa, nimwulize cheti gani? Mlete. Nitamfungulia mlango wa uwanja mwenyewe." Babu yako aliomba aambiwe tena. Ukamwambia tena. Kisha akauliza kama wataandika majina, ukasema hapana, Bakoko, watapiga tarumbeta tu.

Na leo asubuhi Jao akaja na bisibisi.

"Wewe mwanamke," akaniambia, "leo nimekuja kuiba."

"Mzee Jao, leo sina nafasi ya utani."

"Utani hauombi nafasi." Akaanza na la juu. Skrubu zimeshika kutu, jasho linamtoka, na medali zake zinagonga mbao. Nikataka kumshika mkono. Lakini mtani huwezi kumzuia, na wewe ulikuwa ukiniangalia usoni kuona kama nitamzuia.

Babu yako amekaa na kanzu yake iliyopigwa pasi, anamtazama kwa raha. "Askari wa Mfaransa, hata skrubu inamshinda. Ndiyo maana nilipona."

"Nilikuhurumia, we sikio moja."

Alipomaliza aliyatia yote matatu mfukoni, suruali ikaning'inia upande. Akanigeukia, na safari hii hakuwa na mzaha. "Ukiyataka, mpe mtoto neno lake. Kabla ya hapo ni mali yangu."

Nilisikia uso wangu unawaka. Ndipo babu yako alipoinuka, akamwendea Jao, akamfungua medali moja kifuani, ile kubwa. "Umechukua chuma cha nyumba yangu. Na mimi nachukua chako." Jao akabaki mdomo wazi. Mtani naye hanyimi. Niliona midomo yake inacheza, nikadhani atalia, kisha akafoka, "Ivae upande wa kushoto, mjinga wewe!" na akamfungia mwenyewe kwenye kanzu, vidole vikihangaika kuliko alivyohangaika na skrubu. Mkaondoka, wewe katikati, shati lako jeupe, kila mmoja ameshika mkono wako kana kwamba wao ndio wanaokuongoza wewe.

Ulinitazama. Ulitaka nije. Nikasema nyumba haiwezi kubaki wazi.

Nimekaa hapa tangu hapo. Kuku wa jirani ameingia, ametembea mpaka chumbani kwako, ametoka. Mama Fatima amepita akauliza kama kuna msiba, maana hajawahi kuuona mlango huu ukiwa hivi. Upepo umepindua karatasi zangu. Hakuna aliyekuja kuniua. Naandika hivyo kwa utani, lakini kila pikipiki ikikata kona nahesabu hatua za kufika chumbani.

Nisikilize, mwanangu. Mimi na babu yako tulikuwa na hofu ya kweli. Usiruhusu mtu akwambie kwamba tulijitungia. Magunia yale yalimwokoa, na kuta za kambi ile zilituokoa sisi. Tulichokosea ni kubaki ndani baada ya hatari kupita, kisha kukuita na wewe uingie tukae pamoja. Nilikuwa nakwambia nyumba hii ni yako, kwa desturi yetu nyumba ni ya binti, nani atakaa humu ukiondoka? Nililisema kama zawadi. Lilikuwa komeo la nne.

Na kitu kingine nilichokosea ni sare. Nilizichukia zote kwa pamoja ili nisipate shida ya kumtazama aliye ndani yake. Ndani ya ile moja alikuwamo mtoto anayeomba radhi kila jioni kwa kazi ambayo hakujipangia. Sijui Solo alikwenda wapi. Natamani ningemwambia neno moja. Utakapokuwa pale, na siku moja ukaambiwa ufunge geti mbele ya mtu

Nimeachia hapo kwa sababu nimepata mgeni.

Gari la jeshi limesimama barabarani. Moyo ulinipasuka, sitakuficha. Akashuka kijana na sare yake mpya, kola inamkwaruza, akaja mpaka hapa mbele ya kiti, akavua kofia. "Azafady, mama," akasema.

Zaina, neno lile lile. Akadhani sikusikia, akarudia. Azafady, mama, wazee wamefika uwanjani lakini mgeni rasmi amechelewa, jua ni kali, na benchi halitoshi. Mwaka jana lilitosha. Mwaka huu wamezidi mmoja. Kuna mzee mmoja amesimama, na mzee mwingine mwenye kofia nyekundu amekataa kukaa mpaka yule akae, na sasa wote wawili wamesimama wanatukanana na hakuna anayethubutu kuwagusa. Kuna binti amenituma. Amesema Marodoka kuna nyumba haina makomeo, na mlangoni kuna kiti cha mikono.

"Na mwenye kiti?" nikamwuliza.

Akatazama chini. "Amesema mwenye kiti, kama anataka, aje nacho. Kama hataki, nisimlazimishe."

Mjanja wewe. Umejifunza kwa Jao.

Nimeinuka. Nimempa maji kwanza, amekunywa vikombe viwili, nimempa na kipande cha muwa kilichobaki jikoni, amenishangaa. Sasa kiti kiko mikononi mwake na mimi naandika nimesimama, karatasi juu ya begi lako, na mlangoni hakuna mtu wala kitu. Nimejifunga salova ya njano, ile leso uliyosema inanifanya niwe kama bi harusi. Uwanja utakuwa umejaa watu na bendera. Itabidi mtu anipishe nipite.

Barua hii naitia chini ya nguo zako, utaikuta kambini. Kwa hiyo unaposoma hapa utakuwa tayari umekwisha kuniona nikishuka kwenye gari la jeshi, na umeshanisikia. Lakini nataka uwe nalo na kwa maandishi, kwa zile jioni za Mahajanga ambazo ukuta utakutazama. Nimekuridhia, Zaina. Nimekuridhia duniani na akhera, kwenda na kurudi, na hata usiporudi kukaa. Mlinde aliye ndani na umtazame aliye nje. Jao mwambie akae na makomeo yake.

Kijana anasema, azafady, mama, tutachelewa.

Namjibu, naja, mwanangu. Naja.

Mama yako